Mchele wa Buluu Hauivi

Nitaanza na uongo wangu, kwa sababu ndio uliozaa mengine yote. Nilimwambia mwalimu mkuu wa shule yetu ya watoto wadogo, iliyokuwa katika jumba la kanisa pale Bondeni, kwamba nimefundishwa kutengeneza mchele wa rangi wa kuchezea, nikamwonyesha na ukurasa kama maelezo ya somo. Sikufundishwa na mtu. Ukurasa wenyewe ulikuwa wa gazeti la akina mama wa Kizungu ambao mjomba alifungia nyama. Mjomba alikuwa mpishi kwa Wazungu upande wa Dundori, na alijua kwamba mimi husoma karatasi yoyote, hata yenye mafuta, nikiwa na kamusi mkononi.

Ukurasa ule ulisema watoto hupenda kuchota, kumimina na kupapasa, na kwamba vidole hujifunza kabla ya kichwa. Ulisema mchele utiwe rangi na siki kidogo. Ulisema na jambo jingine la maana sana, lakini hapo damu ya nyama ilikuwa imefuta.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa kwenye majaribio. Ijumaa ile mama wa kamati ya kanisa angekuja kuamua kama nitabaki na watoto au nitarudi nyumbani kupalilia viazi. Viazi sikuviogopa. Niliogopa njia ya kurudi, na watu wa kunisalimu njiani.

Mjomba akaniletea chupa nne za rangi ya keki zilizobaki jikoni kwa memsahibu, pamoja na pakiti ya makaroni iliyoingiwa na fukusi.

"Wazungu hula mabomba," alinieleza. "Ukipika yanalegea. Wewe usipike."

Chenga za mchele nilinunua katika duka la Mhindi. Alhamisi nzima nilizitikisa na rangi ndani ya makopo hadi mabega yakauma, nikazianika uani juu ya magunia: nyekundu, manjano, kijani, buluu. Kisha, naona haya kuandika, nikapiga magoti nikaanza kuchagua punje zilizoshika rangi nusu, moja moja, na kuwatupia kuku wa jirani.

"Binti," jirani akaniita kutoka mlangoni kwake, "umepoteza sindano?"

"Nachagua mchele, mama."

"Mawe ni yale meupe. Hayo unayotupa ni chakula."

Ijumaa asubuhi nilipanga makarai manne sakafuni, kila rangi na karai lake, na makaroni mekundu na ya kijani kando. Watoto wakaingia. Nilitarajia makelele. Walisimama mlangoni wakiyakodolea makarai macho.

Msichana mmoja asiye na meno ya mbele akauliza, "Mwalimu, leo ni Krismasi?"

"Hapana."

"Basi nani anaoa?"

Gazeti la Kizungu halikuwa na sababu ya kujua, lakini mimi niliyelelewa kwa ugali na viazi nilipaswa kujua: kwetu mchele ulionekana Krismasi na harusini, basi. Nani angeuchezea? Watoto walitoka mmoja mmoja, wakanawa mikono kwenye pipa, wakarudi wakaketi kwa mstari wakingoja. Mmoja akaombea chakula. Mwingine alikuwa ameshavuka barabara kumwita mama yake.

Mama huyo akaja, tena na jirani yake. Na kwa kuwa hakuna aendaye kwenye karamu mikono mitupu, mmoja alibeba sahani na mwenzake kuni kwapani. Wakainamia makarai.

"Hii mchele imefanywa nini?"

"Imevalishwa," akasema mwenye kuni.

"Hiyo ya buluu mimi sili. Hiyo ni wino."

"Utakula tu. Ni ya kanisa."

Mama wa kamati aliingia papo hapo, kofia kichwani na daftari mkononi, mwalimu mkuu nyuma yake. Nilikuwa nimekariri hotuba siku tatu. Sikupata hata neno lake la kwanza. Badala yake nilimwaga yote: karatasi ya nyama, mjomba, siki, sehemu iliyofutika, na kwamba sijafundishwa popote.

Kabla hajanijibu, yule msichana akachoka kungoja. Alichukua sahani mkononi mwa mama aliyeileta, akachota nyekundu, akachota buluu, akakoroga.

Akakoroga! Nilinyosha mkono nimzuie, nikachelewa. Wenzake wakamfuata, mikono hadi viwiko, kila rangi ndani ya nyingine. Wale ambao baba zao walifanya kazi relwe wakatia makaroni midomoni kama filimbi na kuunda treni: bomba la kijani likiinuliwa waende, jekundu wasimame. Hawakusimama.

Msichana akampelekea mama wa kamati sahani. "Karibu. Mgeni hula kwanza."

Yule mama akachukua punje kidogo kwa vidole, akatafuna hewa, akakunja uso. "Haujaiva. Nani amepika?"

Vidole vyote vikanielekea.

"Ongeza moto," akamwamuru mwenye kuni, naye akapiga magoti, akazipanga kuni kando ya karai bila moto, akapuliza mpaka machozi yakamtoka kwa kucheka.

Daftari halikufunguliwa. Wakati wa kutoka mama wa kamati aliniuliza, "Jumatatu utawapa nini?"

"Jumatatu, mama?"

"Jumatatu. Lakini kwanza waambie kama ni cha kula au si cha kula. Na huyu hapa mwombe msamaha."

Nilimgeukia mwalimu mkuu, nikaomba. Alisema alijua tangu mwanzo. Ukurasa niliomwonyesha ulikuwa unanuka mbavu.

Jioni nilikaa chini kuzitenganisha rangi. Nilifika punje ya kumi na moja nyekundu, nikazirudisha zote.

Jumatatu mwanamke wa kuni akachungulia dirishani. "Mwalimu! Umeiva?"

"Bado, mama."

"Basi nirudishie kuni zangu nikapike ugali."