Mtutu Mfupi

Juzi pale Ipinda nilipita kwenye banda la fundi aliyekuwa akikata bomba la chuma. Ile harufu ya chuma na mafuta ikanirudisha uani kwetu Busale, mchana ule bwana nyama, ofisa wa wanyamapori, alipomletea baba bunduki mbili achague. Kiboko aliyejeruhi watu wawili mashambani alikuwa amejificha kwenye matete, na msasi wa kijiji alikuwa baba.

Zote mbili zilikuwa za risasi nene kama kidole gumba chake. Moja ilikuwa na mtutu mrefu, nyingine mfupi. Baba alizijaribu kwa zamu, akipenya nazo migombani nyuma ya nyumba. Ile ndefu ilikwama kila alipogeuka, majani makavu yakachakarika. Ile fupi ilipita kimya.

Mama aliacha kupepeta mchele. "Baba Tusa, kwa hiyo utamngoja mpaka akufikie?"

"Kwenye matete hakuna mbali," baba alijibu.

Mimi nilifurahi. Kwetu fimbo fupi ilikuwa ya mbuzi na ndefu ya ng'ombe, basi nikaona bunduki fupi ni ya mnyama mdogo. Baba aliponitania, "Tuchukue ipi, mama?" niliigusa ile fupi.

"Ndaga, mwanangu," akashukuru, akicheka. Mama hakucheka.

Sasa najua mtutu mfupi huchaguliwa na mtu atakayemwona mnyama akiwa ameshamfikia.

Bunduki ilirudi kabla jua halijazama. Aliibeba bwana nyama, pamoja na viatu vya baba.