Buibui wa Rangi ya Majivu

Kila ninapopita nyuma ya soko hapa Kasongo, mahali wanapochemsha ngazi, matunda ya mchikichi ya kukamulia mawese, harufu ile nzito hunirudisha kwenye shamba letu, upande wa Lusangi.

Baba alikuwa amekata mikungu ya ngazi tangu asubuhi. Alikuwa amenikataza kugusa lundo la matawi aliyoyakata pamoja nayo, nami nikaligusa. Buibui mwenye manyoya, mkubwa kama kiganja cha baba, akanipanda mkononi, akatembea taratibu, akashuka upande wa pili. Nikakimbia kumwambia baba.

"Umemuona wapi?"

Niliogopa fimbo. "Mu shimo, karibu ya mihogo."

"Iko na rangi gani?"

"Ya majivu. Na alama nyeusi ku mugongo."

Baba akaacha kunoa panga. "Ile ya mu shimo iko nyekundu sawa udongo. Ya majivu inaishi mu matawi ya ngazi tu, na inauma mubaya."

Nikageuka kutazama lundo. Mdogo wangu alikuwa amelala juu ya kitenge, kwenye kivuli cha lundo. Baba alikwenda bila kukimbia, akamwinua pamoja na kitenge chake, akampa mama. Kisha akageuza matawi moja moja kwa ncha ya panga. Akamkuta yule buibui ametulia, shibiri moja tu kutoka pale kichwa cha mtoto kilipokuwa.

Aliporudi baada ya kumuua, akanawa mikono. Nilingoja fimbo, haikuja.

"Siku ingine," alisema, "udanganye juu ya mambo yako mwenyewe. Juu ya mududu, hapana."