Vidonge Mfukoni mwa Baba Mkwe

Fundi cherehani alikuwa akikagua shati la baba mkwe wake kabla ya kulifua, vidole vikagusa kitu chenye unyevu mfukoni. Vidonge vya presha, vimelowa mate na kushikana. Kila asubuhi alimpa mzee dawa kwa mkono wake mwenyewe, na mzee alijibu, "Tayari, mama."

Mzee alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Mtaani walimwita Kengele, kwa sauti iliyowahi kunyamazisha shule nzima. Kiharusi kilimpoozesha mkono wa kulia, kikampinda mdomo, na sauti ile ikabaki mnong'ono. Mwanawe, dereva wa lori, hakai nyumbani. Kazi yote ikamwangukia mkamwana, aliyehamishia cherehani sebuleni ili awe karibu na mgonjwa.

Hakufoka. Alivuta kiti.

"Baba, hivi nimevikuta mfukoni mwako. Vinakudhuru?"

Mzee aligeukia ukuta.

"Vinanikwama," alisema kwa tabu. "Natokwa na mate kama mtoto, mbele ya mke wa mwanangu. Naona aibu."

"Ukiviacha, kiharusi kitarudi, baba. Na mimi siwezi kukaa tu nikikingoja."

Kesho yake aliweka nguo za wateja kando, akampeleka kliniki. Muuguzi alimpima kumeza kwa kijiko cha maji, kisha akamfundisha: akae wima, ainamishe kidevu, ameze kidonge kimoja kimoja bila kuzungumza.

"Nivisage?" mkamwana aliuliza.

"Usisage chochote kabla hujatuuliza. Vingine vikisagwa vinaleta madhara."

Kidonge kikubwa kilichokuwa kikimkwama, daktari alikibadilisha. Ikabaki aibu, nayo haina kidonge.

Nyumbani, mkamwana aligeuza cherehani ikatazama ukuta. Asubuhi aliweka dawa na maji mezani, akampa mzee mgongo na kushona polepole, masikio yote nyuma. Mzee akimaliza hugonga meza, naye hugeuka.

"Fungua mdomo, baba, tuone."

"Nimekagua kucha za watoto maisha yangu yote," mzee alinung'unika, "leo nakaguliwa ulimi." Upande mmoja wa mdomo wake ukacheka.

Asubuhi moja akapaliwa vibaya. Mkamwana aliruka, akamwinamisha mbele na kumshika mpaka kikohozi kikatulia, kisha akamfuta mate kidevuni. Safari hii mzee hakugeuza uso.

"Rudisha hiyo mashine ilivyokuwa," alisema alipopata pumzi. "Nikipaliwa, unione mapema."

Presha ikaanza kushuka, mzee akaanza kutembea kwa fimbo hadi mlangoni. Jirani mmoja alipomwona akamwambia mkamwana, "Si amepona huyu? Mpumzishe na madawa."

Mkamwana alifungua mdomo kujibu, lakini Kengele alimtangulia.

"Unaniona nimesimama kwa sababu ninazimeza hizo dawa," alisema, neno baada ya neno. "Na kesho nitameza tena."