Siku Tuliyoikanyaga Michoro ya Kale

Sababu ya safari ilikuwa dada yangu mkubwa, Zuwena, aliyetoka Unguja kuja kunitembelea Maskati. Maduka ya Matrah, soko la kale la mji, yalimchosha upesi. Alikuwa ameonyeshwa kwenye simu michoro iliyochongwa maweni kwa mikono ya watu wa kale, huko bara ya Omani, akashikilia kwamba lazima aione kwa macho yake. Mimi ni mwoga tangu utotoni. Nikisikia neno safari huanza kuwaza pancha. Tena goti la dada ni bovu, na redio ilikuwa imetaja mvua milimani. Lakini kwetu mdogo hamwambii mkubwa hapana, na mimi, pamoja na kuwa na wajukuu, kwa Zuwena ningali mdogo.

Asubuhi tulipita Ghala, mtaa wa magereji, fundi akatutazamia magurudumu, kisha tukashika njia ya bara. Dada alipakata sufuria ya pilau iliyofungwa kwa kanga, huku akisifia barabara. Mimi macho yalikuwa milimani. Nyuma ya vilele vya mbali lilikaa wingu jeusi, na huku kwetu jua linachoma.

"Dada, unaliona wingu lile?"

"Nnaliona. La huko hilo. Mvua ikinyesha Makunduchi, sisi Mkokotoni tunaanika nguo."

Niwaeleze mlio nyumbani. Omani kuna mabonde makavu yaitwayo wadi. Mvua ikipiga milimani, maji hushuka kwa kasi ndani ya wadi mpaka mahali ambapo halijadondoka hata tone. Nimekaa huku miaka mingi, nayajua haya. Nilimweleza dada mara moja tu, kwa sauti ya chini, naye akacheka kwamba roho yangu ndogo. Nikaendelea kuendesha, jicho moja kwenye wingu.

Kwenye hifadhi ya michoro tulipokewa na mlinzi, Saleh, Mwomani aliyezaliwa Tabora. Aliposikia Kiswahili alifurahi kama aliyepata ndugu. Tuliacha gari kwenye kizuizi, tukavuka wadi kavu kwa miguu, dada akiniegemea, hadi kwenye mwamba wa upande wa pili.

"Karibuni sana, mama zangu," alisema Saleh. "Ila hapa tunatazama tu. Hatugusi, hatuegemei. Hata jasho la mkono linaharibu."

Mwanzoni sikuona kitu. Kisha jua likaingia kwenye mikwaruzo, wakatokea: watu waliopanda wanyama, mmoja kainua mikono, ngamia wenye miguu kama vijiti. Dada alisogea karibu, mikono nyuma. "Masikini," alisema, "na hawa walikuwa na mama zao." Kwa kitambo kidogo hata mimi nilisahau wingu.

Adhuhuri Saleh alikwenda kusali kwenye kibanda chake kando ya mwamba, akatuonya tusikae chini bondeni. Lakini goti la dada lilitaka mahali pa tambarare, na kivuli kizuri kilikuwa chini, kwenye changarawe. "Tandika hapa, Asya," aliniamuru. "Tukiona maji si tutanyanyuka?" Nilijua ni makosa. Nikatandika.

Tulikuwa hatujamaliza kula Saleh alipotoka mbio, simu mkononi. "Wamenipigia wa kijiji cha juu! Wadi inakuja! Pandeni!" Ng'ambo, gari letu lilikuwa linameta juani. Dada akainama kutafuta kifuniko cha sufuria.

"Ngoja nifunike pilau."

"Acha!" Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. "Acha, Zuwena! Panda!"

Nilikuwa sijapata kumwita kwa jina lake tupu maishani. Alinitazama kama nimempiga kofi, lakini akaja. Saleh alimvuta mikono, mimi nikamsukuma kwa bega kutoka nyuma. Ngurumo ilikuwa imeshafika kwenye kona ya bonde. Katikati ya mwamba, dada akasita, mguu hewani juu ya michoro.

"Nitawakanyaga hawa!"

"Wakanyage, mama!" Saleh alipaza sauti. "Kanyaga!"

Akakanyaga. Maji ya rangi ya udongo yalipita chini yetu na matawi na mawe, yakachukua mkeka, sufuria na kanga. Jua lilikuwa linawaka vilevile. Nilimkumbatia dada kiunoni nikilia na kumsomea kila dua niliyoijua.

Alasiri maji yalipopungua, Saleh alitazama kwanza goti la dada lililochubuka, halafu jiwe. Mguu wa ngamia mmoja ulikuwa na mkwaruzo mpya. Dada akaanza kuomba radhi. "Mama, hayo nitayaeleza mimi kazini," Saleh akamkatiza. "Kifo chako nisingeweza kuwaeleza watoto wako."

Jioni, wadi ilipopitika, tulianza kurudi. Nilijifunza kwamba hofu yangu ilikuwa na haki, na kwamba adabu yangu nusura imuue dada. Nilikuwa nikingoja anipe ruhusa ya kumwokoa.

Tulipoingia barabara kuu niliona hakufunga mkanda. "Funga mkanda, dada," nikasema.

Akaufunga. Nilingoja anicheke, aniambie roho yangu ndogo, mpaka taa za Maskati zikaonekana.