Mkono Uliogoma wa Maame Araba

Kwa miaka thelathini na mmoja, Maame Araba alifunga dokono, madonge ya mahindi ya kuuza, pale Mankessim na hakuwahi kuitazama mikono yake. Ilijua kazi. Tonge la mahindi yaliyochachuka lilitua kwenye jani la mgomba, jani likakunjwa, likapangwa chunguni, na mdomo wake wakati huo ukigombana na mteja aliyedai madonge yamepungua ukubwa.

Asubuhi moja mwiko ukamponyoka. Akainama kuuokota, akaanguka kiubavu kando ya jiko, na maneno aliyotaka kumwambia jirani yakatoka kama ya mlevi. Hospitali wakasema kiharusi. Alirudi nyumbani baada ya wiki tano, mguu wa kulia ukiburuzika, na mkono wa kulia ukining'inia kama mzigo ambao mtu kampa amshikie kisha asirudi kuuchukua.

Ekuwa, binti yake wa pekee, aliyekuwa akifundisha shule huko Takoradi, aliomba likizo ndefu bila malipo akaja kumuuguza. Alimwogesha, akamvisha, akamlisha kwa kijiko na kumfuta kidevu. Araba alikuwa akifungua mdomo huku amefumba macho. Si kwa usingizi. Hakutaka kumwona mwanawe akimfuta.

Kisha Alhamisi moja akaja Fiifi Quansah, kijana mwembamba mwenye mkoba mgongoni.

"Wewe ndiye daktari?" Araba akamuuliza. Ulimi ulikuwa bado mzito, lakini ukali wake haukupungua.

"Hapana, Maame. Mimi ni mtaalamu wa tiba kazi. Kazi yangu ni kukusaidia uyaweze tena mambo yako mwenyewe. Kuoga, kuvaa, kupika."

Akatoa mabakuli mawili na maharage mkobani. "Hamisha punje moja moja kwa mkono wa kulia."

"Umesoma miaka mingapi?"

"Minne."

"Miaka minne! Ndiyo uje kumchezesha maharage mama wa watu?"

Lakini alijaribu. Vidole vilikwenda pembeni, vikakwaruza bakuli, vikarudi vitupu. Alipokwisha kuhamisha punje nne, jasho lilikuwa limelowanisha kanga yake, na ya tano ikaangukia sakafuni. Akaligonga bakuli kwa mkono wa kushoto, maharage yakatapakaa nyumba nzima.

Ekuwa akaruka kuyaokota. "Mwache apumzike jamani! Humwoni alivyochoka?"

Quansah akamtazama. "Nani alimvisha leo?"

"Mimi."

"Chai alikunywa kwa mkono wa nani?"

Ekuwa akaendelea kuokota maharage.

"Dada, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na anayemchelea mama ni vivyo hivyo. Asipofanya, mkono utasahau kabisa."

Maneno yale yalimuudhi Ekuwa siku tatu. Hata hivyo fundi akaja, akapigilia mbao ya kushikia bafuni, na kiti cha plastiki kikawekwa penye maji. Nguo za kuvalia kichwani zikawekwa kando, zikaletwa za vifungo vya mbele. Kila asubuhi Araba aliketi kitandani akatanguliza mkono mgonjwa kwenye shati, kama alivyofundishwa, kisha ule mzima. Ilimchukua karibu saa nzima. Ekuwa alisimama mlangoni amejishika mikono yake mwenyewe isije ikamsaidia.

"Unanitazama nini? Mimi ni sinema?"

"Nisikutazame, nikusaidie?"

"Toka!"

Wiki ya saba ya mazoezi Quansah akaja, Araba akakataa kugusa maharage. "Yatupe. Hayo ni chakula cha kuku."

"Sawa. Unataka kufanya nini?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hilo tangu aanguke. "Dokono," akasema. "Nataka kufunga dokono yangu."

Alhamisi iliyofuata meza ikawa na unga uliokandwa na majani. Araba akalichota tonge kwa mkono wa kushoto, akalitia kwenye jani, akajaribu kukunja. Jani likateleza. Akajaribu tena, likachanika. Mara ya tatu tonge lilimwangukia mapajani, likabaki hapo, jeupe, likimtazama. Hapo akalia, kilio cha hasira, kamasi na machozi.

Ekuwa akainuka. Quansah akamshika bega akamrudisha.

"Ondoka," Araba akamwambia kijana. "Usikanyage tena hapa!"

"Alhamisi nitakuja, Maame."

"Nitakumwagia maji."

"Nitakuja na mwavuli."

Akaja kweli, na mwavuli mkononi. Araba hakucheka, ila maji hakummwagia. Quansah akauchukua mkono wa kulia akaulaza juu ya jani. "Huu usikunje. Uzuie tu, kama jiwe linavyozuia karatasi. Wa kushoto ndio ukunje."

Siku ile lilifungika donge moja, pembe moja ndefu kuliko nyingine. Wifi yake Aba alipoliona, akauliza, "Hii ni dokono au mzigo wa mtu aliyefukuzwa na mwenye nyumba?" Araba akamtukania ukoo wote, matusi yaliyonyooka bila kigugumizi hata kimoja, na Ekuwa akatoka nje ili acheke.

Baada ya miezi minane akafika madonge ishirini kwa siku. Zamani alifunga mia tatu kabla jua halijakolea. Wateja walisema, "Pole pole, Maame, unaendelea vizuri," na neno hilo alilichukia kuliko ugonjwa wenyewe. Vizuri gani? Walikuwa wakimsifu kama mtoto aliyejifunza kukaa.

Likizo ya Ekuwa ikaisha. Siku ya kuondoka alisimama na begi lake akizungukazunguka, akikagua dawa, akisogeza kigoda.

"Mama, nikiomba mwezi mmoja zaidi?"

"Uombe ili iweje? Watoto wa watu wanakungoja." Kisha akasema, akitazama kando, "Nikikwama nitamwita Aba. Nitamvumilia."

Ekuwa akaenda. Araba akasikiliza gari likipotea, akashika fimbo yake, akaenda jikoni kwa miguu yake kuloweka mahindi. Sufuria ya mahindi juu ya meza ilikuwa nzito. Akaisukuma kwa nyonga, akilaani, hadi ikafika bombani.