Bobu ya Mkwe Wangu

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mtu asitafute mpangilio mzuri humu. Naandika jinsi linavyokuja. Jambo lenyewe ni nywele za mkwe wangu, mke wa mwanangu wa mwisho. Mimi ndiye niliyesema zinyolewe, na ndiyo sababu mjukuu wangu anakulia mbali na mimi.

Mkwe wangu alikuwa na saluni Ikungi, chumba kimoja cha kupanga kando ya barabara ya Dodoma. Siku za mnada nilikuwa nakwenda na kuku wangu, nikishauza naingia kwake kupumzisha miguu. Kuku wa Singida wanasifiwa mpaka Dar, lakini sijasikia mtu akimsifu bibi aliyewakimbiza hao kuku alfajiri. Tuyaache hayo.

Pale kwenye benchi ndipo nilipoijua kazi ya bobu, ule mkato wa nywele zisizofika mabegani, hasa zile fupi kabisa. Nilidhani ni kukata tu. Kumbe mteja akikaa, mkwe wangu hashiki mkasi kwanza. Anamrudishia nywele nyuma kwa viganja viwili, anatazama kidevu, masikio, shingo. Mwenye uso wa mviringo anamwachia mbele zifike kwenye taya, nyuma anapandisha mpaka kisogo kionekane. Mwenye uso mrefu anamkatia usawa wa ncha ya sikio, kisha anamlazia kipande kwenye paji la uso. Sisi wenye shingo fupi, tuliobeba ndoo tangu utoto, anatukata chini kabisa nyuma, shingo ipate pa kutokea.

Siku moja karani mmoja wa ofisini alileta picha kwenye simu, anataka hivyohivyo. Nikamwambia, "Huyo ana shingo ya twiga, mwanangu. Wewe ya kwako ni ya kobe."

"Bibi, umekuja kuuza kuku au kunifukuza?"

"Mzoee tu," mkwe wangu akasema. "Hata mimi siku ya posa aliniuliza kama masikio yangu yalikuwa hivi tangu kuzaliwa."

Ni kweli nilimuuliza. Karani akakatiwa kwa kadiri ya shingo yake, akajitazama kwenye kioo mara tatu.

Mkwe wangu mwenyewe alikuwa na bobu fupi kuliko wateja wote. Ila nyuma alikuwa akikatwa na mwanangu. Jumapili wakitoka kanisani anakaa kwenye kigoda uani, ameshika kioo, na mwanangu amesimama nyuma yake na kitana, ametoa ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Wanacheka. Mimi nachambua mlenda, nawaangalia, na sikupenda. Nisiseme uongo uzeeni. Mume wangu mimi alinishika kichwa mara moja tu katika ndoa yetu, siku niliyopata homa, akaona ni moto, akaenda kumwita mama yake.

Basi mwanangu akafa kwa pikipiki, akitoka kupeleka alizeti kukamuliwa.

Kwetu baada ya maziko ndugu hunyolewa, na mjane ndiye wa kwanza. Siku hizi watu wamelegeza. Mzee wa kanisa alishasema si lazima, na wifi yangu, shangazi wa marehemu, aliyekuwa ameshika wembe, akanigeukia. "Wifi, wenzetu wanakata kishungi kidogo tu karibu na sikio, basi. Sema wewe, ndiye mama."

Mkwe wangu alikuwa kwenye mkeka. Akashika kisogo kwa mkono. "Mama, huku nyuma alinikata yeye Jumapili."

Wanawake wakawa wananisubiri. Ningeweza kusema kishungi. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilipoona ule mkono unavyoshika pale mwanangu aliposhika, roho yangu ikawa mbaya. Nikasema, "Nyoeni zote. Ndiyo mila."

Haikuwa mila. Ilikuwa wivu. Mila niliisingizia.

Alinyolewa, hakulia. Alipofungua tena saluni alijifunga kitambaa, lakini mteja wa bobu huangalia kwanza kichwa cha fundi. Wakapungua. Mvua za kwanza zilipokuja alifunga mlango, akambeba mtoto, akarudi kwao Nduguti. Aliniaga vizuri, akapiga na goti. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Nilichukua muda mrefu kumfuata. Kwanza nilijiambia ni nauli, halafu nikasema ni miguu. Mwaka jana nikaenda. Nikamkuta na saluni nyingine karibu na ofisi mpya za wilaya, nywele zimeota, amesuka mistari. Alikuwa anamfunga mteja rola.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja kusema kosa."

"Subiri nimalize."

Nikasubiri mpaka mteja akaingia kwenye draya. Maneno niliyoyapanga njia nzima kwenye basi yakapotea, nikasema moja tu, kwamba siku ile mila haikunituma.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Nilikutazama, wewe ukaangalia mabati."

"Utanisamehe?"

"Nilishasamehe, mama. Ila Ikungi sirudi."

Akaninunulia chai na chapati. Mtoto alikuwa shuleni, na basi langu la kurudi lilikuwa la saa nane, kwa hiyo sikumwona. Nikamwomba amlete likizo, japo siku tatu, alale kwangu.

Akakung'uta kitana, akafikiri. "Akikua atachagua mwenyewe."

Sikumlaumu, na simlaumu sasa. Mtoto ana miaka sita. Ya kwangu mimi siijui vizuri, cheti cha kuzaliwa sina, lakini magoti yananiambia ni mingi.