Baba na Mota ya Betri

Baba alikuwa mtu wa kupima kila kitu mara mbili, hata sukari ya chai. Kwa hiyo alipotaka kung'oa injini ya dizeli kwenye mashua yake ya tanga aweke mota ya betri, karatasi ya hesabu ilikaa mezani kwetu miezi mitano, tukawa tunaisogeza ili tupate kula.

Sababu ilikuwa mama. Mapafu yake yalikuwa yameharibika, na baba akirudi na harufu ya dizeli, mama alikohoa mpaka akatokwa machozi. Baba alivulia nguo mlangoni, akajisugua kwa sabuni ya kufulia, na bado harufu haikutoka. Mjomba alimtania kuwa amebakiza kufungua kituo cha mafuta.

Mota ilikuwa ghali, ila betri ndizo zilizomtoa jasho: bei yake ilizidi ya mota, na uzito wake ulikula nafasi ya abiria wawili. Upande wa pili wa karatasi aliandika dizeli ya kila siku, oili, vichujio. Na siku upepo ukigoma na chaji ikaisha, nani atamvuta? Alifuta, akaandika tena.

"Iache tu hiyo injini, mume wangu," mama alimwambia kutoka kitandani.

"Unaonea huruma mfuko wangu. Wewe pumua."

Akaiuza injini, akafunga mota. Siku ya kwanza alirudi saa tisa kama kawaida, akabaki gatini kuwaringishia wenzake.

"Tegeni masikio! Mnasikia kitu?"

Nyumbani mama alikuwa hoi. Kila siku alipoisikia injini ile ikikohoa kule gatini, alijiinua na kuniomba kitana. "Huyo, kafika." Siku hiyo alikuwa na kitana mkononi.

"Hajafika tu?"

"Bado, mama."

Niliamini hivyo, maana hata mimi nilikuwa nikisubiri kelele. Aliuliza tena, kisha tena kwa sauti ndogo. Halafu hakuuliza.

Baba aliingia saa kumi na moja akicheka, shati halinuki chochote. "Njoo uninuse, bibie!" Nikamwambia, kwa hasira ambayo mpaka leo inaniuma, kwamba mama amekufa akimsubiri.

Alipiga magoti, akamshika mkono. "Nilikuwa hapo tu, mke wangu. Tangu saa tisa, nilikuwa hapo tu."